Jinsi ya Kuondoa Kemikali Hatari Kwenye Bidhaa Bila Kuingiza Nyingine Mbaya Zaidi

Swali hili limenifikia mara nyingi mno, na karibu kila mara linakuja na kisa kilekile. Mtengenezaji wa sabuni, rangi au gundi anaambiwa kwamba kiungo fulani katika fomyula yake ni hatari. Anakwenda kwa muuzaji, anaomba "kinachofanana nacho", anapewa. Lebo inachapishwa upya kwa maandishi makubwa: HAINA hiki wala kile. Muda si mrefu inagundulika kwamba kilichoingia ni ndugu wa damu wa kilichotoka, na tabia zao ni zilezile.

Ndivyo ilivyotokea kwa BPA, kemikali inayosaidia maandishi kutokea kwenye karatasi za risiti. Ilipoanza kuondolewa humo, watengenezaji wengi walihamia BPS, molekuli inayofanana na BPA kiasi kwamba nayo inaiga homoni ya estrojeni. Tatizo halikuondoka, lilibadili jina tu.

Nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: sabuni ya maji ya kuondolea grisi ambayo kiungo chake kikuu ni NP-9, yaani nonilifenoli iliyoungwa na vipande tisa vya ethilini oksaidi. Kama kazi yako ni rangi, gundi au plastiki, njia ni hiihii, majina tu ndiyo yatabadilika.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Karatasi ya usalama (SDS) ya kila kiungo, inayoeleza hatari zake, iliyo na sehemu zote 16. Kikaratasi cha ukurasa mmoja chenye picha za matangazo si karatasi ya usalama.
- Namba ya CAS, yaani namba ya utambulisho, ya kila kiungo.
- Intaneti. Hifadhidata za kemikali za PubChem, ECHA (shirika la kemikali la Umoja wa Ulaya) na eChemPortal ya OECD zote ni bure.
- Programu ya EPI Suite ya shirika la mazingira la Marekani, EPA. Nayo ni bure.
- Mizani inayosoma hadi gramu 0.01, kipimajoto, karatasi za pH, chupa za kioo zenye vifuniko, na vibati vidogo vya chuma cha pua.
- Miwani ya kujikinga inayofunika pande zote, glavu za nitrili, na chumba chenye hewa ya kutosha.
- Daftari. Usiandike vipimo kwenye kipande cha boksi, kitatupwa.

## Hatua ya 1: Andika kazi ya kemikali, usiandike jina lake

Malizia sentensi hii: "Kitu hiki kimo humu ili..." Kwa NP-9 mimi ningeandika: ili grisi iachie chuma na ibaki imetawanyika kwenye maji, kati ya nyuzi 20 na 40 za Selsiasi, bila sabuni kujitenga ndani ya chupa.

Sababu ni kwamba ukitafuta mbadala wa jina, utapewa jina la jirani. Ukitafuta mbadala wa kazi, milango mingine inafunguka, ukiwemo ule wa kuiondoa kazi yenyewe. Risiti isipochapishwa, hakuna BPA wala BPS ya kubishania.

Umefaulu iwapo sentensi yako haina jina la kemikali hata moja, na ina vipimo ambavyo mtu mwingine anaweza kuvihakiki.

## Hatua ya 2: Hakikisha unajua ulichonacho

Kiungo kimoja huuzwa kwa majina chungu nzima ya kibiashara. Namba ya CAS ndiyo kitambulisho chake. Namba hiyo ina mlinzi ndani yake: tarakimu ya mwisho ni ya kuhakikia nyingine.

Chukua 9016-45-9, mojawapo ya namba za nonilifenoli etoksileti, familia ya NP-9. Iache 9 ya mwisho. Zilizobaki zizidishe kutoka kulia kwenda kushoto kwa 1, 2, 3 na kuendelea: 5×1, 4×2, 6×3, 1×4, 0×5, 9×6. Jumla ni 89. Tarakimu ya mwisho ya jumla ni 9, sawa na ile uliyoiacha. Isipolingana, kuna mtu amekosea kuandika, na karatasi nzima inastahili kutiliwa shaka.

Tahadhari: familia moja inaweza kuwa na namba kadhaa. Nonilifenoli etoksileti hujitokeza pia kama 127087-87-0 na 68412-54-4. Ukitafuta moja tu, unaweza kuinunua tena kwa mlango wa nyuma ukidhani umeiacha.

Jambo jingine: sehemu ya 3 ya karatasi ya usalama haitaji kila kitu. Vizingiti vya kutaja huanzia 0.1% kwa vitu vinavyosababisha saratani, na ni 1% kwa vingi vingine. Kilicho chini ya hapo ulizia kwa maandishi.

## Hatua ya 3: Kusanya wagombea

Andika angalau wanne, na angalau mmoja awe wa kuiacha aina hiyo ya kemikali kabisa. Kwa sabuni yetu orodha ni hii:

1. Kuacha kabisa sarfaktanti, yaani kiungo kinachofanya mafuta yatawanyike kwenye maji: maji ya moto, brashi na magadi ya kufulia.
2. Alkoholi etoksileti ya C12-14 yenye vipande 7 au 9 vya ethilini oksaidi.
3. Alkili poliglukosidi, inayotokana na sukari na alkoholi ya mafuta.
4. Oktilifenoli etoksileti.

Huyo wa nne ndiye muuzaji atakayekuletea haraka, kwa sababu anaingia kwenye fomyula bila kubadilisha chochote. Tumwache kwenye orodha kwa makusudi, tuone kama mchujo wetu unamkamata.

## Hatua ya 4: Chuja kwa hatari zinazojulikana

Fungua sehemu ya 2 ya karatasi ya usalama utafute misimbo inayoanza na H. Mimi naigawa mafungu matatu.

Simama hapo hapo: H350 (husababisha saratani), H340 (huharibu vinasaba), H360 (hudhuru uzazi au mtoto tumboni). Mgombea mwenye mojawapo anatoka, hata kama ni rahisi na anafanya kazi vizuri.

Fikiri mara mbili: H341, H351 na H361, ambazo ni zilezile za juu kwa kiwango cha kushukiwa. Pia H334 na H317 (mzio wa mapafu na wa ngozi), H372 (hudhuru viungo kwa kutumika muda mrefu), na H410 au H411 (sumu ya muda mrefu kwa viumbe wa majini).

Dhibiti kwa vifaa na mafunzo: H225 (hushika moto upesi), H318 (hudhuru macho vibaya), H302 (hudhuru ikimezwa) na nyingine za namna hiyo. Hizi ni kali, lakini miwani, glavu na kukaa mbali na moto vinazipunguza.

Sasa lile kosa ambalo nimeliona zaidi ya mengine yote. Mtu anafika sehemu ya 11 au 12, za madhara kwa afya na kwa mazingira, anasoma "hakuna data", anaweka alama ya vema. Hakuna data maana yake hakuna aliyepima. Kwenye jedwali lako nafasi hiyo ipake rangi nyekundu. Kemikali kongwe iliyochunguzwa sana itaonekana mbaya kila mara ukiiweka kando ya kemikali mpya ambayo haijawahi kuguswa na mtafiti, na hivyo ndivyo watu wanavyodanganyika.

Kosa la pili ni kufukuza hatari moja huku umefumba macho kwa nyingine. California, kuelekea mwaka 2000, mafundi magari walianza kufa ganzi mikononi na miguuni. Dawa zao za kusafishia breki zilikuwa zimeacha viyeyushi vya klorini, zikaingiza heksani iliyochanganywa na asetoni. Ini hugeuza heksani kuwa 2,5-heksanidioni, inayoharibu neva za mbali, na asetoni huongeza makali hayo. Aliyetengeneza mchanganyiko ule alikuwa na swali moja tu kichwani: je, una klorini?

Rudi kwenye sabuni yetu, na hapa ndipo pananoga. Karatasi ya NP-9 kwa kawaida inaonyesha H302, H318 na H411. Ya alkoholi etoksileti inaonyesha H302, H318, na mara nyingi H412 (ngazi moja chini ya H411). Ukiishia hapa utasema zinakaribiana, kwa nini nisumbuke? Ndiyo maana huishii hapa.

Umefaulu iwapo una jedwali lenye kila mgombea na kila aina ya hatari, na nafasi za "hakuna data" zinaonekana kwa rangi yake.

## Hatua ya 5: Uliza molekuli inaoza kuwa nini

Karatasi ya usalama inakueleza kilichomo kwenye pipa. Mto unapokea kinachobaki baadaye.

NP-9 ina kichwa kinachopenda maji, yaani ule mnyororo wa ethilini oksaidi, na mkia unaopenda mafuta. Bakteria huanza kula kichwa, kipande kwa kipande. Wakifika kwenye mkia wanakwama, kwa sababu umejaa matawi na umeshikamana na pete ya fenoli. Kinachobaki ni nonilifenoli yenyewe. Hii ina sumu kali kuliko mama yake kwa viumbe wa majini, hupenda mafuta (log Kow yake, kipimo cha kupenda mafuta kuliko maji, ni karibu 5), huiga estrojeni kwa samaki, na karatasi yake ina H361. Msimbo huo hukuuona kwenye karatasi ya NP-9, na muuzaji hakukuficha kitu. Haukuwemo kwa sababu nonilifenoli huzaliwa baadaye.

Umoja wa Ulaya uliiwekea nonilifenoli etoksileti kikomo cha 0.1% katika bidhaa nyingi za usafi. Kwa nguo zinazofuliwa kikomo ni 0.01% tangu Februari 2021, maana hutoka kwenye nguo kwa maji ya kufulia.

Mkia wa alkoholi etoksileti umenyooka. Bakteria hukata pale kichwa kinapoungana na mkia, mkia unageuka asidi ya mafuta, na asidi ya mafuta wanaijua: huitafuna kaboni mbilimbili hadi ikaisha. Oktilifenoli? Ina pete ileile na matawi yaleyale. Mchujo umemkamata, anatoka.

Unapotazama mchoro wa molekuli, angalia mambo haya:

- Matawi mengi, hasa kaboni iliyoshikwa na kaboni nyingine nne: huoza polepole.
- Florini nyingi kwenye kaboni: usitarajie kuoza. Kufupisha mnyororo, kama ilivyofanywa PFOS, kemikali ya florini yenye mnyororo mrefu, ilipobadilishwa na ndugu yake mfupi PFBS, hakulegezi kifungo cha kaboni na florini.
- Esta (kiungio chenye oksijeni kinachoweza kuvunjwa na maji) katikati: hapo ndipo pa kukatikia. Vilainishi vya nguo vilikombolewa hivyo. Molekuli ya zamani yenye mikia miwili mirefu iliyoshikwa na nitrojeni ilikuwa haiozi vizuri. Wakemia wakapachika esta kati ya nitrojeni na mkia, ulaini ukabaki, na molekuli ikaanza kukatika yenyewe ikishafika majini.

Mfano huo wa mwisho naupenda kuliko yote, kwa sababu udhaifu umewekwa kwa makusudi mahali panapofaa.

Kama huna uhakika, ingiza molekuli kwenye EPI Suite. Kwa alkoholi ya kaboni 12 yenye vipande 7, andika herufi C mara 12, kisha OCC mara saba, umalizie na O. Soma matokeo ya BIOWIN, yanayokadiria kasi ya kuoza. Makadirio ya log Kow ya sarfaktanti yachukulie kwa tahadhari, programu haikuzoea molekuli zenye tabia mbili.

Kilicho bora kuliko makadirio ni kipimo. Mwombe muuzaji matokeo ya jaribio la OECD 301. Kwa vipimo vya oksijeni au kaboni dioksaidi, kiwango cha kufaulu ni 60% ndani ya siku 28. Kwa kaboni iliyoyeyuka ni 70%. Neno "huoza" bila namba wala siku ni pambo la lebo.

## Hatua ya 6: Linganisha nguvu kwa hesabu kabla ya kuchafua vyombo

Kwa sarfaktanti za aina hii kuna kipimo kiitwacho HLB, kinachoonyesha uwiano wa kupenda maji na kupenda mafuta. Tafuta asilimia ya uzito wa ethilini oksaidi katika molekuli, gawanya kwa 5.

NP-9: vipande 9 × 44 = 396. Nonilifenoli ni 220. Jumla 616. Asilimia ni 64.3, ukigawanya kwa 5 unapata 12.9.

Alkoholi ya C12 yenye vipande 7: 308 juu ya 494, yaani 62.3%, HLB 12.5. Yenye vipande 9: 396 juu ya 582, HLB 13.6.

NP-9 imekaa katikati ya hizo mbili. Kwa hiyo anza na ya 7, na ikihitajika changanya kidogo ya 9. Hesabu ya dakika tano imekuokolea majaribio ya wiki nzima.

## Hatua ya 7: Jaribu kwa kiasi kidogo

Vaa miwani. H318 si pambo; sarfaktanti isiyochanganywa na maji ikirukia jicho inaweza kuliharibu moja kwa moja. Ikitokea, osha kwa maji yanayotiririka mfululizo kwa dakika 15 na umwone daktari.

Mpangilio wa kuchanganya. Weka maji kwanza, kisha mimina sarfaktanti polepole huku unakoroga. Mara yangu ya kwanza nilifanya kinyume: nilitia sarfaktanti kwenye ndoo na kuanza kuimiminia maji. Ilipofika karibu nusu kwa nusu ikageuka jeli nzito, kijiti kikasimama chenyewe katikati ya ndoo. Alkoholi etoksileti zina tabia hiyo. Ikikutokea usiitupe, ipashe moto taratibu na uongeze maji mengi, itarudi.

Jaribio la grisi. Pima kibati kikavu. Paka takriban gramu 1 ya grisi, pima tena. Kitumbukize kwenye mchanganyiko wa 1% wenye nyuzi 40 kwa dakika 10, suuza, kausha, pima. Tofauti ndiyo grisi iliyotoka. Tumia vibati vitatu kwa sabuni mpya, vitatu kwa ile ya zamani na vitatu kwa maji matupu. Ukiacha hivyo vya maji matupu hutajua ni kiasi gani cha grisi kingeondoka bila sabuni.

Andika kiwango cha kufaulu kabla hujapima, kwa mfano mpya isipungue 90% ya kazi ya zamani. Ukisubiri uone namba kwanza, utajishawishi tu.

Jaribio la ukungu. Pasha moto mchanganyiko wa 1% polepole ukiwa na kipimajoto ndani. Kuna joto ambapo unageuka mweupe ghafla. Liandike. Likiwa chini ya joto ambalo mtumiaji atasafishia, ongeza vipande vya ethilini oksaidi, yaani nenda kwenye ile ya 9, na punguza chumvi, kwani chumvi hushusha joto hilo.

Jaribio la kukaa. Chupa moja kwenye friji, moja mezani, moja kwenye nyuzi 40, kwa wiki nne. Kila wiki angalia kujitenga, harufu na pH.

Hapo kwenye harufu kuna mtego. Kinachooza mtoni kinaweza kuoza kwenye chupa. Bakteria wale wale watafurahia sabuni yako ikiwa nyepesi na haina kihifadhi. Wengi wakifika hapa hukimbilia fomalini, ambayo ni H350, na kazi yote inarudi mwanzo. Isothiazolinoni hufanya kazi kwa kipimo kidogo sana lakini huleta mzio wa ngozi. Sodiamu benzoeti ni nafuu, ila inahitaji pH iliyo chini ya 5 hivi, kwa hiyo utatia asidi ya sitriki kidogo.

Tahadhari: bidhaa yenye asidi isikutane kamwe na dawa ya kung'arishia ya hipokloriti. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini. Liandike kwenye lebo kwa maneno kamili.

Umefaulu iwapo baada ya wiki nne chupa zote tatu ni safi, harufu haijageuka, pH haijasogea zaidi ya nusu, na vibati vimepita kiwango ulichoandika.

## Hatua ya 8: Tazama kilicho nyuma ya pipa

Hapa sitakaa sana, ila maswali matatu yanatosha kumuuliza muuzaji.

La kwanza: mabaki ya 1,4-dioksani, inayohofiwa kusababisha saratani, ni kiasi gani? Huzaliwa kidogo wakati wa kutengeneza etoksileti, na pia SLES, sarfaktanti ya sabuni za maji ambayo wengi huiita ungarol. Dai namba.

La pili: mkia umetoka kwenye petroli au kwenye mafuta ya mimea? Jibu halibadilishi usalama wa molekuli, kwa sababu mkia wa C12 ni uleule. Linabadilisha habari za ardhi na misitu. Neno "asilia" peke yake halina uzito wowote katika mchujo huu.

La tatu: kuna njia ya kuikwepa ethilini oksaidi, ambayo yenyewe husababisha saratani kwa wanaofanya kazi nayo kiwandani? Alkili poliglukosidi haiihitaji. Kama ilikaribiana na alkoholi etoksileti kwenye vibati, mimi ningeichagua, au ningechanganya zote mbili.

## Hatua ya 9: Funga kazi

Andika ukurasa mmoja: kazi iliyotakiwa, wagombea, kwa nini kila mmoja alitoka au alibaki, namba za majaribio, na nafasi za "hakuna data" zilizobaki. Weka tarehe ya kuurudia, mwaka mmoja mbele. Orodha za ECHA hubadilika, na aliye safi leo anaweza kuongezwa.

Badilisha karatasi ya usalama ya bidhaa yako pamoja na lebo. Waeleze wanaochanganya kwamba mpangilio ni maji kwanza.

Limebaki pipa la NP-9 kwenye kona. Usilimalizie kwenye "toleo la mwisho" la sabuni ya zamani, na usilimwage kwenye mtaro. Lifunge, andika lisitumike, kisha fungua sehemu ya 13 ya karatasi yake ya usalama: anza kwa kumuuliza muuzaji kama analirudisha, na akikataa litafutie mtu mwenye kibali cha kushughulikia taka za kemikali.